Sabuni Chini ya Ngamia

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya skuli, Hamda alichukua ndoo na kitambaa akatoka kuifuta taksi ya baba yake. Hakuna aliyemtuma, kazi ile aliichukua mwenyewe na hakutaka mtu mwingine aiguse. Gari lenyewe lilikuwa jeusi, la tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nalo lilikaa juu mno. Watoto wa mtaa wao wa Malindi walilipa jina la Ngamia. Bwana Saud, baba yake, hakukasirika, maana Ngamia ndiye aliyekuwa akiwalisha. Kutwa alipeleka abiria na mizigo mashamba na kuwarudisha mjini.

Mwenye ugomvi na Ngamia alikuwa Bibi Shariffa, mama yake Bwana Saud. Magoti yalikuwa yamemkaza, na tangu mwaka uliopita hakuweza kuinua mguu hadi kwenye kikanyagio cha kupandia gari. Sasa mdogo wake wa Fumba alikuwa anaoza binti yake Alhamisi, na Fumba si mahali pa kwenda kwa miguu.

"Mama, tutakubeba mimi na mjukuu wako Khelef," Bwana Saud alimwambia.

"Nibebwe kama gunia la mbata, watu wananitazama? Siendi!" alijibu Bibi. "Hata ngamia wa kweli hupiga magoti, mtu akapanda. Huyu wenu hana adabu."

Wote wakacheka. Lakini Hamda alimwona bibi yake akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na roho ikamuuma sana.

Basi Bwana Saud akaenda na watoto wake kwa Fundi Mcha, mwenye gereji kule Funguni. Fundi alikuwa ameletewa springi mpya kutoka Mombasa, za aina mbili. Aina ya kwanza ingelishusha gari vidole viwili, ya pili vidole vinne.

"Gari likishuka, hata kwenye kona halitayumba," alisema Fundi Mcha. "Lakini bakuli la oili, hili hapa chini ya injini, nalo litashuka. Likigonga jiwe likapasuka, injini ndiyo imekwisha. Njia zako unazijua mwenyewe, Saud. Chagua."

Khelef, kaka yake Hamda, hakutaka hata kufikiri. "Vinne, Baba! Lilale chini, lipendeze! Tukipita Forodhani watu washike midomo."

"Si tujaribu kwanza?" aliuliza Hamda. "Tukate kipande cha sabuni ya mche, unene wa vidole vinne, kadiri bakuli litakavyoshuka, tukifunge chini yake. Sabuni laini. Jiwe likiigusa tu, tutaona."

Fundi Mcha akamtazama Bwana Saud, Bwana Saud akamtazama binti yake, na wote wawili wakatabasamu.

Kesho yake, alfajiri, Hamda na baba yake walikwenda hadi nje ya Kombeni, kwenye njia ya Fumba, mahali ambapo mawe ya matumbawe hutokeza katikati ya njia. Walipita juu ya mawe yale, wakageuza, wakarudi. Sabuni ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Bwana Saud hakuweza kunyamaza. Kila baraza aliyoipita alisimulia akili za mwanawe, na Hamda akatembea siku ile kichwa kimemvimba. Jioni gari lingepelekwa gereji kufungwa springi za vidole vinne.

Alasiri, Hamda alikuwa anatoka chuoni kusoma Kurani alipomwona Ngamia anaingia kutoka shamba. Ndani mlikuwa na abiria waliobanana, nyuma magunia ya nazi, na mtungo wa kuku ukining'inia dirishani. Tumbo la gari lilikuwa limeshuka karibu na ardhi. Hamda akasimama pale pale. Asubuhi walikuwa wawili tu! Na tangu lini gari la baba yake likaenda na watu wawili? Bwana Saud hakuwahi kumpita mtu anayetembea juani bila ya kusimama, awe na nauli au hana.

Hamda aliona aibu. Alikwisha kusifiwa mji mzima, na Khelef angemcheka mpaka Ramadhani. Tena akinyamaza, nani angejua? Lakini bakuli lile likipasuka, nyumbani wangekula nini? Alikamata buibui lake akatimua mbio hadi Funguni.

Abiria walikwisha kushushwa, gari lilikuwa tayari juu ya jeki, na Fundi Mcha ana spana mkononi.

"Baba, subiri!" Hamda alisema huku akihema. "Nshakosea. Tulijaribu gari tupu."

Khelef akaangua kicheko. "Haya, mtazameni fundi mkuu!"

Bwana Saud hakucheka. Alimgeukia fundi akasema, "Mcha, shusha jeki."

Asubuhi iliyofuata Ngamia alipakiwa kweli kweli. Mbele aliketi Bi Tabia, jirani yao mwenye mwili wake. Nyuma Khelef na watoto wa majirani, na magunia juu. Chini ya bakuli Hamda alifunga vipande vitatu vya sabuni: cha vidole viwili, cha vitatu na cha vinne.

"Ya Rabbi!" alipiga kelele Bi Tabia walipofika Kombeni. "Leo n'navunjwa mbavu kwa ajili ya sabuni!"

Waliporudi, Khelef ndiye aliyelala chini kuchungulia. Kipande cha vidole vinne kilikuwa kimekwenda zake, imebaki kamba. Cha vitatu kilikuwa na mfereji katikati. Cha viwili kilikuwa kizima, laini vile vile.

"Vinne vingetumaliza," alisema Khelef kwa sauti ya chini, na hakucheka tena.

Hamda hakuishia hapo. Alipanga matofali mlangoni, kimo cha kikanyagio kikiwa kimeshuka vidole viwili. "Bibi, hebu jaribu." Bibi Shariffa alishika bega la mjukuu wake, akavuta pumzi, akapanda. Jioni ile Fundi Mcha akafunga springi za vidole viwili.

Alhamisi, watu wa mtaa walijaa barazani kutazama. Bibi alitoka na buibui jipya, akanyanyua mguu, akashika mlango, na huyo yumo ndani! Bi Tabia akapiga vigelegele.

"Kapiga magoti!" Bibi alipaza sauti dirishani. "Leo ngamia kapiga magoti!"

Gari lilipita juu ya mawe ya Kombeni limejaa, na hapakusikika hata kishindo kimoja. Walipofika Fumba, Bibi alishuka kwa miguu yake mwenyewe, na mdogo wake alimkumbatia huku akilia kwa furaha.

Ngoma zilipopamba moto, Bwana Saud aliita, "Hamda!"

"Naam, Baba."

"Kujaribu kwa sabuni ilikuwa akili, mwanangu. Lakini mtu akishasifiwa, kusema 'nimekosea' ni kazi ngumu kuliko zote. Wewe ulisema, na kisha ukairudia kazi mpaka ikawa sawa. Ndiyo maana Bibi yako yuko hapa leo, na kesho tutakula. Ukikosea, sema mapema, urekebishe."

Wakati wa kurudi, watu waliotaka kwenda mjini walisimama kulizunguka gari, na vikapu vyao mikononi. Bwana Saud akamgeukia binti yake.

Hamda akafungua mlango. "Pandeni," alisema. "Tulipojaribu sabuni, nanyi tulishawahesabu."