Nani Iko Pale?

Nshobole alipuliza filimbi ya kutangaza mwizi usiku ambao hapakuwa na mwizi. Watu wakatoka, wakampiga jirani yao. Shida yenyewe ndiyo hiyo. Lakini haikuanza usiku ule. Ilianza Jumamosi mchana, kweupe, watu wakiwa wameshiba fufu na mboga ya sombe.

Papa Baharanyi na familia yake walikaa mtaa wa Mabanga, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Walikuwa wametoka upande wa Bukavu zamani. Papa Baharanyi alikuwa karani katika depo ya saruji. Mke wake aliuza vitenge sokoni, na kila jioni alirudi navyo nyumbani ndani ya begi kubwa. Avenyu nzima ililijua begi lile. Maana yake hata wezi walilijua.

Nshobole alikuwa na miaka kumi na miwili, mwaka wa sita shuleni. Kila asubuhi alichota maji kwa bidoni, akafagia, akamvisha mdogo wake Aksanti, ambaye alikuwa na miaka minne, kisha akakimbia shule. Kazi hizo alikuwa akizifanya peke yake mpaka Bénita alipokuja.

Bénita alikuwa wa umri wake. Alitoka vilima vya Masisi. Vita vilipofika kijijini kwao, wazazi wake walimleta kwa Mama Nshobole, waliyemjua kwa biashara ya vitenge, ili akae hapo mpaka mambo yatulie. Mwanzoni Nshobole alifurahi kupata mwenzake wa kubeba maji. Halafu akaanza kupima. Kipande cha samaki cha Bénita kilikuwa kikubwa kuliko chake. Upande wa godoro usio na baridi ulikuwa wa Bénita. Mama alipokaa kusuka nywele, kichwa cha kwanza kilikuwa cha Bénita.

Miezi ile wezi wa usiku walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Mkubwa wa nyumba kumi, Mama Généreuse, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, alizunguka akigonga kila mlango.

"Muko na filimbi hapa?"

"Bado, mama," akajibu Papa Baharanyi.

"Bado? Munangoja mwizi awaletee?"

Papa Baharanyi akanunua filimbi. Jumamosi ile akawaita wote sebuleni, akafunga mlango, akasimama mbele yao kama yuko ofisini.

"Musikilize. Mwizi akija, hatufungui mulango. Hatutoki kupigana naye. Vitenge vikienda, tutanunua vingine. Mutu akienda, harudi. Miye nitakaa kwa mulango na tochi. Mama atapiga sufuria, majirani wasikie. Sasa, filimbi."

Nshobole alinyoosha mkono kabla baba yake hajamaliza.

"Ngoja. Nitatoka nje, nitakwaruza ukuta. Mwenye filimbi afanye vile anaona ni vizuri. Nshobole, anza."

Papa Baharanyi alitoka. Ukuta ukalia, krr. Hapohapo Nshobole akapuliza kwa nguvu zake zote. Kuku wa jirani wakatawanyika. Aksanti akaziba masikio. Nshobole akacheka, maana alijua hakuna mtu ambaye angeweza kupuliza haraka kuliko yeye.

Zamu ya Bénita ikafika. Ukuta ukalia, krr. Kimya. Ukalia tena. Bénita alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kisha akauliza kwa sauti, "Nani iko pale?" Hakuna jibu. "Nani iko pale? Sema jina!" Krr. Ndipo akapuliza, mara moja, ndefu.

Papa Baharanyi akaingia, akachukua filimbi, akaivika shingoni mwa Bénita.

"Wewe, Nshobole, utakamata Aksanti. Mutakaa chini, pale ukuta uko wa mawe, mpaka niseme basi."

"Lakini papa, miye nilipuliza wa kwanza!"

"Ni kweli, ulikuwa wa kwanza," akasema baba yake, kisha akaenda kulala kidogo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo maneno yake yalikuwa machache mno.

Jumatatu shule nzima ilikwisha kujua. Julienne, rafiki wa Nshobole tangu mwaka wa kwanza, alimkimbilia Bénita kwanza.

"Komanda Bénita! Leta tuone!"

"Ni kafilimbi ka plastiki," akasema Nshobole. "Hata mbuzi anaweza kupuliza."

"Basi juu ya nini hawakukupatia wewe?" akauliza Julienne.

Watoto wakacheka. Bénita hakucheka, lakini hilo halikumsaidia Nshobole hata kidogo. Alimtazama Bénita akiificha filimbi ndani ya blauzi, akaona kama ameibiwa kitu kilichokuwa chake tangu kuzaliwa.

Siku chache baadaye, paka alipita juu ya mabati usiku. Asubuhi Papa Baharanyi akasema wakati wa chai, "Bénita, nilisikia uliamka. Nikasikia haukupuliza. Vizuri sana."

Nshobole hakuwa amesikia paka wala mtu. Alitafuna mkate wake bila kuonja kitu. Kumbe sasa Bénita alikuwa anasifiwa hata kwa kazi ambayo hakuifanya!

Ndipo ukaja usiku wa mvua. Bénita alikuwa ametundika filimbi kwenye msumari, juu ya kichwa chake, maana kamba yake ilikuwa imelowa. Nshobole alingoja Bénita apate usingizi. Akanyoosha mkono, akaichukua, akaishika chini ya blanketi. Alitaka tu kulala nayo usiku mmoja. Ndivyo alivyojiambia.

Mvua ilikuwa imepungua aliposikia kitu nje. Mtu alikuwa anapita karibu na ukuta, polepole, akisukuma kitu kizito juu ya mawe. Nshobole aliketi. Nyuma ya nyumba yao, katika ua uleule, alikaa Élisée, kijana aliyebeba watu kwa pikipiki, na mara nyingi alirudi akiwa amechelewa. Wazo la Élisée lilimpitia Nshobole kichwani. Aliliacha lipite. Alikuwa anaona kesho yake, shuleni, watoto wakimkimbilia. Komanda Nshobole. Na Bénita amesimama pembeni, shingo tupu.

Hakuuliza nani iko pale. Akapuliza.

Nyumba ikaruka. Mama alianza kupiga sufuria kwa mchi. Papa Baharanyi alikuwa tayari mlangoni. Nyumba ya pili ikajibu kwa sufuria, na ya tatu, mpaka avenyu nzima ikawa inalia. Wanaume wakatoka na fimbo. Gizani, katika ua wa Baharanyi, waliona mtu aliyejifunika plastiki kichwani, anasukuma pikipiki bila kuiwasha.

"Mwizi! Anaiba pikipiki ya Élisée!"

Mtu yule alikuwa Élisée mwenyewe. Mafuta yalikuwa yamemwishia njiani, na plastiki ilikuwa ya kujikinga mvua. Aliita jina lake. Aliliita tena na tena. Lakini sufuria zilikuwa zinapigwa kila upande, na hakuna aliyemsikia. Mabanga mawe hayatafutwi, yako chini ya miguu. La kwanza lilimpata mdomoni. Alipoinua mkono kujikinga, fimbo ikamvunja kifundo cha mkono.

Mama Généreuse alifika akihema, akapenya katikati ya watu, akammulika yule mtu usoni.

"Muache! Muache! Mutu munapiga ni Élisée!"

Sufuria zikanyamaza moja moja. Ya mwisho iliendelea kupigwa mbali kule, na mtu ambaye hakuwa amejua bado.

Ndani ya nyumba, kelele zilipoanza, Nshobole alikuwa amesimama na filimbi mdomoni. Alikuwa amesahau kwamba alipewa kazi nyingine. Aksanti alishtuka, akakimbia gizani kufuata sauti ya mama yake, moja kwa moja kuelekea mbabula, jiko la makala ambalo bado lilikuwa na moto. Aliyemkamata ni Bénita. Alimnyanyua, na mguu wake mwenyewe ukaingia katika makaa.

Gizani, bila mtu kumwona, Nshobole aliiangusha filimbi karibu na mto wa Bénita.

Asubuhi ua ulijaa watu. Élisée alikuwa amekwisha kupelekwa kwa mganga, akafungwa mkono, akarudi. Sasa kila mmoja aliyekuwa na fimbo usiku alitaka kujua nani alimpa sababu ya kuitumia.

"Filimbi ilitoka kwako, Muzee Baharanyi," akasema jirani mmoja. "Ni nani anaiweka?"

Macho yakamgeukia Bénita.

"Ni yangu," akasema Bénita. "Lakini haikuwa miye."

"Ule mutoto ameona vita," akasema jirani. "Anaota, anapuliza. Si kosa lake, lakini umurudishe kwa jamaa yake."

Bénita alikuwa na shangazi aliyekaa mtaa wa Keshero, mwenye watoto wengi na chumba kimoja. Papa Baharanyi alimtazama Bénita, akatazama chini.

"Nitafikiri," akasema.

Nshobole alisikia vizuri. Bénita angeondoka. Godoro lote lingekuwa lake, na kichwa cha kwanza cha kusukwa kingekuwa chake. Ndicho alichokuwa anakitaka, na sasa kilikuwa kinakuja chenyewe, bila yeye kusema neno. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Mama yake akampa kopo la uji. "Mupelekee Élisée. Hawezi kutafuna."

Élisée alikuwa ameketi kitandani, mdomo umevimba, mkono umefungwa. Alipomwona alijaribu kucheka.

"Umeona? Avenyu nzima ilitoka kulinda pikipiki yangu. Nilianza kufurahi, kumbe mwizi ni miye."

Nshobole aliweka uji chini.

"Uambie Bénita," Élisée akaendelea, "simukasirikii. Mutoto aliogopa. Umuambie asilie juu yangu."

Hapo Nshobole alisikia wivu tena, uleule, ukimchoma kifuani. Hata msamaha ulikuwa wa Bénita. Kila kitu kizuri kilikwenda kwa Bénita, hata hiki. Kisha akaelewa kile alichokuwa anakionea wivu, akaona haya.

"Si Bénita," akasema. "Ni miye."

Élisée akaacha kucheka.

"Ulijua ni miye napita?"

"Nilifikiri... pengine."

Élisée aligusa mdomo wake. Vidole vilitoka na damu.

"Nenda, useme kwenu, mbele ya watu," akasema. "Na uji uuache hapa."

Nshobole alirudi uani. Majirani walikuwa bado wapo, na Mama Généreuse pia. Alisema yote: alivyoichukua filimbi msumarini, alivyomfikiria Élisée, na kwamba hakuuliza. Mama yake alijifunika uso kwa kitenge. Hakuna aliyempiga. Ingekuwa rahisi kwake kama wangempiga.

"Juu ya nini?" akauliza baba yake.

"Ulimupenda Bénita kuliko miye. Ulimupatia filimbi."

Papa Baharanyi alikaa juu ya jiwe, akamvuta mbele yake.

"Sikia, mwanangu. Siku ile nilitaka mutu anayejua kungoja. Wewe ulipuliza bila kujua nani iko nje. Ningekuwa mugeni, ningekuwa nimekufa. Bénita aliuliza. Ni hivyo tu. Ilibidi nikuambie siku ileile, sikusema, na hilo ni kosa langu. Lakini wewe, nilikupatia nini?"

"Aksanti."

"Filimbi inapatikana sokoni. Aksanti anapatikana wapi? Kitu kikubwa cha nyumba hii nilikiweka kwa mikono yako, nawe ukakitupa juu ya wivu. Wivu ulikuonyesha kile tu mwenzako alipewa. Chako haukukiona."

Mama Généreuse akapiga makofi kwa mikono yake yenye vumbi la makala.

"Na sisi wakubwa pia tulikosa," akasema, akiwageukia wanaume. "Tulipiga mutu bila kumusikia. Tangu leo, filimbi ikilia, wote kimya kwanza. Tuulize nani iko pale, mutu aseme jina lake. Asiposema, ndipo sufuria. Na mwizi akikamatwa, anapelekwa kwa polisi, hapigwi. Mumesikia?"

Walisikia. Jioni hiyo walifanya zoezi, avenyu nzima, na Élisée akatazama kutoka mlangoni kwake. Bénita hakupelekwa Keshero. Papa Baharanyi alimwomba msamaha mbele ya wale waliomgeuzia macho, na filimbi ikarudi shingoni mwake. Nshobole alimchotea Élisée maji na kumfulia nguo mpaka mkono wake ulipopona.

Hasara ilikuwa hii. Meno mawili ya mbele ya Élisée. Kifundo cha mkono, ambacho hata leo hakikunjiki vizuri akishika breki. Taa ya pikipiki. Mwezi mzima na zaidi bila kazi. Kovu la moto mguuni mwa Bénita, na majuma ambayo Bénita alilala akimgeuzia Nshobole mgongo.

Na magunia matatu ya makala ya Mama Généreuse. Hayo yaliibiwa baadaye, mwezi uliofuata. Alipuliza filimbi, akapuliza tena, na watu walikaa ndani wakiulizana kama safari hii ni ya kweli.