Makala Yenye Mashahidi Wengi

Kila jioni kwenye nyumba za polisi za mtaa wa Nsambya, Aber aliteka maji bombani, akabandika ugali wa posho, kisha akafungua vitabu vyake. Jioni hiyo alibandika posho akasahau kuisonga. Iliungua mpaka majirani wakaanza kukohoa.

"Aber! Akili yako iko wapi?" aliuliza mama yake, Sajini Akidi, aliyekuwa akivua buti mlangoni.

Akili yake ilikuwa shuleni. Mwalimu Sumayiya alikuwa amewapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ngeni: kila wawili wasome makala moja ya ensaiklopidia ya mtandaoni, waikague, kisha waipe alama. Fikiria raha ya mtoto kushika kalamu nyekundu! Aber na Darlène, msichana wa Kikongo anayeishi mtaa wa Kisugu, walipewa makala kuhusu utamaduni wa Mwamko wa Ulaya, enzi ile ya zamani ambapo wachoraji na wasomi, kuanzia Italia, walirudia vitabu vya kale na kubuni sanaa mpya.

Aber hakusumbuka. Makala ilikuwa ndefu, ina picha za kupendeza, na chini yake kulikuwa na tanbihi chungu nzima za kuonyesha kila habari ilikotoka. Mtoto wa polisi akiona mashahidi wengi namna hiyo, kwake kesi imekwisha. Aliandika tisa kwa kumi.

Darlène alimvuta mkono. "Aber, hapa banasema wakati ule hakukuwa mwanamke hata mumoja wa kuchora. Hii habari haiko ya kweli. Nilisoma kwa Kifaransa, kulikuwa mumoja, jina yake Sofonisba."

"Basi nenda kaisome hiyo ya Kifaransa," Aber alimjibu kwa sauti, na darasa zima likacheka. Darlène aliinamisha kichwa na hakusema tena.

Mwalimu alizisifu zile tanbihi, akaibandika kazi yao ukutani, akamchagua Aber aisome kesho mbele ya wazazi. Aber hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote, hata kuimba. Aliitaka nafasi hiyo mno. Lakini tangu alipotoka shuleni aliogopa kwamba Darlène alisema kweli.

Mwishowe alimweleza mama yake.

"Hiyo mashahidi yote, uliuliza moja moja?" Sajini Akidi alisema.

"Nitaulizaje tanbihi, mama?"

"Mimi nikiandika maelezo ya mtu, nauliza: uliona mwenyewe ama uliambiwa? Watu kumi wakisikia kwa mtu moja, hiyo ni shahidi moja tu. Chukua simu yangu, uliza."

Aber alibonyeza tanbihi ya kwanza. Ukurasa haukuwepo. Ya pili ilimpeleka kwa kampuni inayouza safari za Italia. Ya tatu nayo ikamrudisha kwa kampuni ileile, na ya nne vilevile. Halafu moja ikafungua ukurasa wa jumba la makumbusho, na hapo alikuwapo Sofonisba, mchoraji, mwanamke aliyemfundisha malkia wa Hispania kuchora.

"Mama, wameutaja ukurasa huu, na ukurasa wenyewe unawakana!"

"Sasa kesho utasema nini?" mama aliuliza, akaendelea kukwangua sufuria.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Aber alimtafuta Mwalimu Sumayiya amweleze kwa faragha, lakini mwalimu alikuwa akihangaika na viti, na kabla hajamfikia, jina lake likaitwa. Alisimama mbele. Mwalimu mkuu, Bwana Ogwal, alikaa mstari wa kwanza, na mama yake alikuwa nyuma, bado na sare za kazi.

"Makala hii tumeipa tisa kwa..." Alimtazama Darlène kati ya wanafunzi. Aliona haya, na aliogopa. "Hapana. Mimi ndiye niliyeipa tisa, na sikuikagua. Darlène aliona kosa, nikamfanya achekwe. Naomba aje asome yeye."

Bwana Ogwal alikunja uso. Mtu mmoja akacheka nyuma. Kisha Darlène aliinuka polepole, akaja mbele, akasimama kando yake. Alieleza kosa lilipo, naye Aber akaeleza jinsi tanbihi zilivyokuwa. Wakakubaliana kuipa nne: picha nzuri, lugha nyepesi, lakini ushahidi mbovu.

Walipomaliza, Mwalimu Sumayiya aliiondoa ile karatasi ukutani.

"Hata mimi nilizisifu tanbihi bila kufungua hata moja," aliwaambia wazazi na wanafunzi. "Ensaiklopidia hii huandikwa na watu, na mtu yeyote anaweza kuisahihisha. Mchana huu Darlène na Aber wataisahihisha, na kuweka chanzo chao. Ninyi wengine, kumbukeni: makala haiaminiki kwa urefu wala kwa wingi wa tanbihi. Inaaminika ukiifuata hadi ilikotoa habari. Na ukigundua umekosea, sema mapema, kwa sababu kesho kuna mtoto mwingine ataisoma na kuamini kwamba wanawake hawakuchora."