Jiwe la Sifuri

Nukta tisini na tano zilipata mwanga. Moja haikupata hata chembe.

Winfrida akadhani amekosea kuandika. Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba, na watu wa zahanati moja ya Lupaso walimtaka awapangie madirisha ya chumba cha kujifungulia, ili mkunga aone hata umeme ukikatika. Ipo programu ya kompyuta ya hesabu hiyo. Unaiambia kila kitu kilipo, ukuta, dirisha, kitanda, kwa namba tatu tatu: kulia kiasi gani, mbele kiasi gani, juu kiasi gani. Inaurusha mwanga wa jua humo ndani, unagonga hapa, unadunda pale, mwisho inakwambia kila nukta uliyoiweka chumbani imeambulia nini. Kabla ya kuiamini kwa wazazi wa watu, akaijaribu kwenye sebule yake mwenyewe, hapa Newala. Akili nzuri. Akili nzuri imeshawaponza wengi.

Akarudia hesabu. Sifuri tena. Na nukta yenyewe ilikuwa mbele ya dirisha kubwa, pale ambapo saa saba mchana jua hupiga mpaka mkeka umepauka.

"Mama Glory, ugali unapoa," mama mkwe wake, Scholastika, aliita kutoka uani.

"Nakuja, mama. Namalizia hiki kitu."

"Hicho kitu hakiishi. Kingekuwa mhogo ungeshamenywa, ukaanikwa, ukatwangwa."

Siku ya pili nukta zenye giza zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine, kimo cha mtoto anayesimama. Siku ya tatu zilikuwa tano, kimo cha mtu mzima, nazo zilikuwa zimesogea hatua moja kuelekea ukuta wa kaskazini. Ukutani hapo kilikaa kitanda cha Glory, mtoto wa miezi tisa. Winfrida alikuwa amekiandika nacho, maana programu inataka kila kilichomo chumbani.

Akainua macho kutoka kwenye kompyuta akatazama sebule yenyewe. Saa saba kamili. Jua limeingia, vumbi linaelea ndani yake kama kawaida ya vumbi. Lakini pale, hatua moja kutoka kitandani, vumbi liliingia mahali likapotea, likatokea upande wa pili, kana kwamba limepita nyuma ya mgongo wa mtu. Harufu ya maganda ya korosho yanayoungua ikamjaa puani, na msimu wa korosho ulikuwa bado miezi mitatu.

Siku ya nne giza lilikuwa kitandani.

"Mama Glory." Scholastika hakuita, alinong'ona. "Njoo. Njoo polepole."

Alikuwa amemwinamia mtoto na kitambaa chekundu mkononi, anakipitisha kushoto, anakipitisha kulia. Macho ya Glory yalibaki yamekodolea dari. Hayakupepesa.

"Jana alinishika hereni," Winfrida alisema.

"Jana siyo leo, mwanangu."

Hospitali walimmulika wakasema macho ni mazima, wawarudie baada ya wiki mbili. Usiku kucha mtoto akalia, na mchana akalia. Hapo Scholastika, ambaye kila Jumapili yuko benchi la pili kanisani, akajifunga kitenge kiunoni.

"Twende Kitangari kwa Bi Stamili. Mungu ndiye anayeponya. Huyu tunakwenda kumuuliza tu."

Bi Stamili, mganga, aliitikia shikamoo zao bila kuinua uso. Alimnusa mtoto utosini, akasonya.

"Nani kafanya kazi gani nyumbani kwenu?"

Winfrida akaeleza, namba, nukta, mwanga. Bibi akasikiliza yote.

"Na hizo namba unaanza kuzihesabu kutoka wapi?"

"Kuna jiwe nje, kwenye pembe ya ua. Hapo ndipo sifuri. Nililichagua kwa sababu halisogei."

"Wewe kwenu wapi?"

"Lisekese. Masasi."

"Ndiyo maana." Bibi akacheka, kicheko kisicho na raha. "Nyie mmezaliwa chini ya miamba, jiwe kwenu la kuanikia nguo. Huku juu ni mchanga mtupu. Huku ukiona jiwe, ujue kuna mtu alilibeba kutoka bondeni, na hakulibeba kwa kujifurahisha. Alikuwa na kitu cha kukandamiza." Akamgeukia Scholastika. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Marehemu mama mkwe wangu alisema lisisogezwe. Hakusema lisipimwe."

"Mdomo huo! Basi sikilizeni. Aliyefungwa pale alikuwa hajui mlango uko wapi wala nani analala wapi. Wewe binti umemtajia. Kila kitu chako umemwambia ni hatua ngapi kutoka alipolala. Na mtoto umemtajia."

Winfrida akamkumbatia Glory.

"Leo jioni weka unga wa mtama mahali safi, mbali na jiwe, urundike vizuri. Ukiukuta asubuhi umesimama, anzia hapo. Ukiwa umetawanyika, tafuta pengine. Halafu zile namba zote tupa. Pima upya kwa mkono wako. Usihamishe hata moja, unanisikia? Namba ya zamani ni kamba. Ukimwachia moja, ataishika."

Asubuhi unga ulikuwa umesimama kama ulivyowekwa. Winfrida akafuta kila kitu kwenye kompyuta akaanza upya na tepu, sifuri ikiwa kwenye unga, kuta, mlango, dirisha kubwa na dirisha dogo, viti, meza, kabati, nukta moja baada ya nyingine, akiandika na kupima na kuandika, jasho linamchuruzika mgongoni, harufu ile ya maganda inakuja na kwenda nyuma ya shingo yake kama pumzi ya mtu anayesoma begani kwake, mpaka saa saba ikafika akabakiwa na kitanda tu. Na kitandani Glory alikuwa amepata usingizi, wa kwanza tangu juzi. Tepu ile ya chuma ina kelele ikivutwa. Winfrida akasimama akamtazama. Kisha akafungua daftari la vipimo vya kwanza, akachukua namba za zamani za kitanda, akapunguza humo umbali wa kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye unga. Jibu ni lilelile ambalo tepu ingetoa. Hesabu ni hesabu.

"Na kitanda umepima?" Scholastika aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimepima, mama."

Nukta tisini na sita, zote zikapata mwanga.

Glory akaamka. Scholastika akapitisha kitambaa chekundu, na macho yakakifuata, kushoto, kulia, mpaka kikamfikia kidevuni akakidaka. Bibi mtu akaketi sakafuni kwa kishindo, na Winfrida akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

Mtoto akamtazama bibi yake. Akamtazama mama yake. Kisha macho yakawapita wote wawili, yakaenda miguuni mwa kitanda, pasipo na mtu, yakatulia. Akatabasamu vile mtoto anavyomtabasamia aliyemzoea. Akanyoosha mikono yote miwili juu.

Gauni lake likakunjamana makwapani, kulia na kushoto, kama limeshikwa kwa vidole, na matako yake yakaachana taratibu na godoro.