Kibao cha "Tumejaa"

Kila asubuhi Mama Shuka alifua shuka ambazo hakuna mtu aliyezilalia. Alizianika, akazipiga pasi, akatandika vitanda vya vyumba vyote vinane vya nyumba yao ya wageni. Baada ya siku chache zilishika vumbi. Akazitandua, akaanza upya. Ndiyo maana mtaa ulimpa jina hilo. Mikono yake ilinukia sabuni hata akiwa amemenya vitunguu.

Mumewe walimwita Mzee Kimya. Huyu alipenda utulivu kama wengine wanavyopenda nyama. Saa ya ukutani aliitoa betri kwa sababu ilikuwa na tabia ya kusema tik, tik. Redio aliifunika kitambaa mpaka ikafanana na marehemu. Kutwa alikaa mapokezi nyuma ya meza, akingoja wageni, huku akiomba moyoni kwamba wakija, waje na soksi.

Nyumba ilikuwa katikati ya mji, nyuma kidogo ya uwanja mkubwa wa michezo. Siku za mechi watu walipita barabarani wakiimba, wamejipaka rangi usoni, wanapuliza vuvuzela.

"Hao si wageni," Mzee Kimya alikuwa akisema. "Hao ni mafuriko."

Nyumba yenyewe ilikuwa mali ya shangazi yake. Siku moja shangazi akaja kukagua. Alipita chumba kwa chumba, akibonyeza magodoro kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Wageni wako wapi?" akauliza.

"Wanakuja, shangazi," alijibu Mzee Kimya.

"Wanakuja tangu mwaka jana! Wanakuja kwa kutambaa? Sasa sikilizeni. Kuna bwana anatafuta ghala la kuweka saruji. Saruji haiombi sabuni. Saruji haiulizi maji ya moto yako wapi. Mwisho wa mwezi nakuja naye. Nikikuta vyumba vitupu, nyumba nampa yeye."

"Na sisi tuende wapi, shangazi?" aliuliza Mama Shuka.

"Mkwe wangu, wewe nakupenda sana. Lakini mapenzi hayaezeki bati."

Akaondoka. Siku hiyo Mama Shuka alipiga pasi shuka moja mara tatu bila kujua.

Jumapili iliyofuata simu yake ikalia. Alikuwa kaka yake, dereva wa lori, mtu ambaye timu yake ikifungwa hali chakula, na ikishinda anakula cha watu wengine.

"Dada, hongera!" alipiga kelele. "Biashara imewanyookea!"

"Biashara gani?"

"Usinifiche bwana! Jana nilikuja kwenye mechi. Nikapita kwenu nilale. Nakuta getini kibao: Tumejaa. Nikasema, alhamdulillahi, dada yangu katoka kimaisha. Nikaenda kulala kwenye lori. Sasa shingo imepinda, naendesha huku naangalia mashamba ya watu."

Mama Shuka alikata simu. Siku zote yeye alipitia mlango wa nyuma, kwenye kamba za nguo na njia ya sokoni. Hakukumbuka mara ya mwisho kusimama mbele ya geti lao. Akaenda. Kibao kilikuwepo kweli. Herufi zilikuwa zimepauka kwa jua, na waya wa kukining'inizia ulikuwa umeota kutu.

Alirudi mapokezi, mikono kiunoni.

"Mume wangu, getini kuna nini?"

"Kibao," alisema Mzee Kimya, polepole.

"Nani kajaa? Mimi nina vitanda vinane, na mwenye kuvilalia ni paka!"

"Nakiweka siku za mechi tu. Wale watu wana vuvuzela, mke wangu."

"Mechi ilikuwa jana. Leo kinafanya nini?"

"Nimesahau kukitoa."

"Waya umeota kutu, baba watoto. Umesahau tangu lini?"

Mzee Kimya akaitazama saa ya ukutani kama vile ingemsaidia. Saa haikuwa na betri.

Hapohapo mtu akabisha hodi. Alikuwa binti wa mapokezi wa ile hoteli ya ghorofa ng'ambo ya barabara, kavaa sare, na skafu imefungwa vizuri shingoni. Mtaani walimwita Dada Mapokezi.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba siri. Sisi tuna hoteli kubwa, lakini siku nyingine wafanyakazi tunapigiana miayo tu. Ninyi mna nyumba ndogo, na mmejaa mwaka mzima! Mnatumia dawa gani?"

Mama Shuka alicheka mpaka akakaa chini.

"Tumejaa hewa, mwanangu," alisema. "Ingia ukague."

Dada Mapokezi alipoelezwa, alijishika kichwa. "Mungu wangu! Siku za mechi sisi tunajaa mpaka mlangoni. Wageni wananiuliza, hapo ng'ambo vipi? Nawaambia msijisumbue, hapo hapajawahi kuwa na nafasi. Wanaenda kulala mji wa pili!"

"Lakini hao wanakuja kuangalia mpira," alisema Mzee Kimya. "Mpira ukiisha si wanarudi kwao?"

"Mzee wangu, mechi inachukua saa mbili tu. Lakini mtu katoka mbali. Anafika kachoka, anataka kuoga. Mechi inaisha giza limeingia, basi la kwao halipo mpaka asubuhi. Atalala wapi, juu ya goli? Na hayuko peke yake. Kuna timu mbili, madaktari wao, waandishi wa habari, watu wa kufunga vipaza sauti. Wote wana mgongo, na mgongo unataka godoro."

"Hiyo kweli," Mama Shuka alisema.

"Na akilala hapa, asubuhi anakunywa chai kwa jirani, ananyoa kwa kinyozi, anapanda teksi. Mtaa mzima unapata. Ukimfungia geti wewe, umemfungia na kinyozi."

Mzee Kimya akakumbuka namna kinyozi alivyokuwa akimnyoa siku hizi, kwa hasira kidogo.

"Sasa tufanyeje?" Mama Shuka aliuliza. "Mwisho wa mwezi ni Jumamosi hii, na saruji inakuja."

"Jumamosi hiihii kuna tamasha la muziki uwanjani. Kwanza nendeni ofisi ya uwanja, muombe ratiba. Msingoje kusikia kelele ndiyo mjue kuna shughuli. Halafu msifanye tamaa ya kupandisha bei mara tano. Mgeni akiona anakamuliwa, hatarudi, na atawasema mpaka kwao. Anayeweka nafasi, mpigieni simu mhakikishe anakuja. Chai iwe tayari mapema kwa wanaosafiri. Na wekeni mahali pa kutunza mabegi ya mtu aliyetoka chumbani lakini bado yuko mjini."

"Na kelele?" Mzee Kimya alinong'ona.

"Weka sheria, mzee. Uwanjani wapige kelele, humu walale. Tena nikwambie? Mwimbaji mkubwa wa tamasha hataki kulala kwetu. Mashabiki watajaa hadi kwenye lifti. Anatafuta pahali patulivu. Katika mji huu, nani ana utulivu kuliko wewe?"

Mzee Kimya hakuwahi kusifiwa kwa jambo lile. Akajinyoosha shati.

Wiki ile hawakukaa. Kibao kilitolewa getini. Mama Shuka alikwenda uwanjani akarudi na ratiba. Fundi akatengeneza hita ya maji. Mzee Kimya aliandika sheria ya utulivu, akaibandika kwenye kila mlango, na nakala mbili chooni.

Jumamosi asubuhi wanamuziki wakafika. Mwimbaji alikuwa mama mmoja mpana, jina lake la jukwaani Radi. Mzee Kimya aliposikia jina tu, akajaza pamba masikioni.

Radi akaingia. Hakusema neno. Aliweka mkono kifuani kwa heshima, akagusa koo, kisha akaweka kidole midomoni.

"Hasemi mpaka apande jukwaani," mpiga ngoma alieleza. "Anatunza sauti."

Mzee Kimya akatoa pamba, sikio moja, halafu la pili. Akamletea maji ya moto na asali. Wakakaa barazani, wakanyamaziana kama ndugu waliopotezana miaka mingi. Mpiga ngoma alipoanza kugonga meza kwa vijiko, wote wawili walimgeukia pamoja. Akaviweka chini.

Mchana shangazi akafika na bwana wa saruji.

"Njoo uone nafasi," alimwambia, akafungua mlango wa kwanza. Ndani mpiga tarumbeta alikuwa anapiga pasi suruali, yeye mwenyewe kavaa taulo.

"Samahani mwanangu!" Shangazi akafunga. Chumba cha pili kilikuwa na mke na mume waliotoka mbali kuja tamashani. Cha tatu mafundi wa taa. Kufika cha sita, shangazi alikuwa anabisha hodi kwa adabu kama mkwe mpya.

"Hawa wote wametoka wapi?" aliuliza.

"Walikuwa wanapita hapo nje siku zote, shangazi," Mama Shuka alijibu. "Sisi ndio tuliwafungia geti."

Bwana wa saruji akakohoa. "Samahani mama. Hakuna hata kijichumba? Mimi pia nina tiketi ya tamasha."

"Tumejaa," alisema Mzee Kimya. Akashtuka. Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo bila kudanganya.

Shangazi alimtazama bwana wa saruji, akautazama ukumbi uliojaa mabegi. "Basi bwana, saruji yako itafutie mahali pengine," alisema. "Hapa pana watu."

Mzee Kimya akaenda kukitundika tena kibao getini. Kabla hakijakaa sawa, shemeji yake akatokea na begi na vuvuzela, shingo bado imepinda.

"Safari hii sidanganywi!" alicheka, akakisukuma kibao pembeni. "Nawajua ninyi!"

"Shemeji, tumejaa kweli. Hata chumba chetu tumewapa wageni."

"Endelea kusema."

Ikabidi alale stoo ya shuka na Mzee Kimya, godoro moja.

Asubuhi Radi alikuja kuaga. Sasa alikuwa anaongea, na vikombe vilitikisika mezani.

"Nimelala vizuri sana!" alinguruma. "Ila kuna mtu stoo anakoroma! Mwezi ujao tunarudi, nitunzieni chumba kilekile!"

"Huyo ni shemeji," Mzee Kimya alisema haraka. "Mwezi ujao atalala kwenye lori."

Jumatatu Mama Shuka alifua shuka. Safari hii zilikuwa na jasho, poda, na doa moja la chai. Alizisugua huku anaimba. Alipomaliza, akapitia mlango wa mbele kwenda kukitoa kile kibao. Hakukikuta. Waya wenye kutu ulikuwa umekatwa, na geti liko wazi.

Akaingia mapokezi. Mzee Kimya alikuwa amesimama juu ya kiti, anaitia saa betri.

"Wageni wanauliza saa," alisema, bila kugeuka.

Saa ikaanza. Tik, tik. Mzee Kimya alifumba macho, akavumilia.