Doa Jekundu Kwenye Aproni

Kabati la vioo lilikuwa limevunjwa sebuleni. Mkufu wa dhahabu wa mama mwenye nyumba haukuwepo, na matone ya damu yalielekea mlangoni. Mwizi alijikata.

"Kesi imeisha, Afande," alisema sajini, ambaye kituoni walimwita Umeme kwa jinsi alivyokamata watu upesi. Tayari alikuwa amemfunga pingu msichana wa kazi. "Tazama aproni yake. Damu tupu! Tumemkuta akiisugua kwa sabuni ya mche."

Doa lilikuwa jekundu kweli. Msichana alilia hadi sauti ikamkauka. Akifungwa kwa wizi, nani angemfungulia mlango tena?

Inspekta, mama wa watoto wanne aliyewafulia wote kwa mikono yake, aliinama akalitazama doa.

"Asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natwanga manjano, Afande. Yakanimwagikia."

"Tangu lini manjano yakawa mekundu?" alicheka mwana mkubwa wa nyumba ile. "Mpelekeni huyo!"

"Nipeni ndimu," alisema Inspekta.

Alikamua tone moja pembeni mwa doa, sehemu iliyobaki akaiachia maabara. Wekundu ukafifia. Ikabaki rangi ya njano.

"Manjano yakikutana na sabuni huwa mekundu, na ndimu huyarudisha. Damu haina mchezo huo. Mfungue, Sajini."

Umeme alifungua pingu, uso umemshuka.

Inspekta akatoka uani. Kwenye kamba kulikuwa na shati jeupe la kiume, mkono wake wa kushoto una doa la kahawia.

"La nani hili?"

"Langu," alisema mwana mkubwa. "Nilimwagikiwa na chai, nikalifua."

Mama yake aliguna. "Wewe? Hata kikombe hujawahi kusuuza!"

"Ulilifua kwa maji gani?" aliuliza Inspekta.

"Maji ya moto. Birika zima, tena yanachemka."

"Basi chai ingetoka, maji ya moto ndiyo dawa yake. Damu hutaka maji baridi na chumvi. Ukiimwagia ya moto umeipika, haitoki ng'o. Kunja mkono wa shati ulilovaa, nione."

Hakukunja. Umeme akamkunjia. Chini ya kiwiko palikuwa na kidonda kibichi, kirefu.

"Maabara watalinganisha damu yako na ya sakafuni. Tuwasubiri, au utasema?"

Jamaa alikaa kwenye ngazi. "Mkufu uko garini. Chini ya tairi la akiba."

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza mama yake.

"Nilikusikia ukimwambia mama mdogo kwenye simu. Mkufu wa bibi unampa huyu! Mimi kifungua mimba wako nipitwe na mfanyakazi? Nilitaka aondoke humu kama mwizi, usimtaje tena."

"Nilipopooza, kifungua mimba wangu, ulikuja mara ngapi? Huyu ndiye aliyenigeuza kitandani. Huyu ndiye aliyenifundisha kutembea upya."

Mwana alinyoosha mikono, Umeme akamfunga pingu.

Mkufu ulipatikana mzima. Inspekta aliutia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Mkufu utakaa kituoni hadi kesi iishe, Mama. Baadaye nimkabidhi nani?"

Mama alimvuta msichana karibu, akamkumbatia begani.

"Mkabidhi mwanangu huyu."

Msichana alilia tena, safari hii kwa furaha, na majirani waliojaa getini wakapiga vigelegele.