Kituo Kilichofutwa

Jumatatu ile Taib Athman aliamka kutoka usingizi wa adhuhuri akakuta nyayo za tope ukumbini. Kaskazi ilikuwa imekaza, tone la mvua halijaanguka kwa miezi miwili, na wao hapo mtaa wa Kuze wakikaa orofa ya pili, ngazi za mawe zimefagiwa asubuhi ile ile. Nyayo zilikuwa za mtu mmoja, pekupeku. Zilitoka mlangoni zikaja hadi chumba chake, zikasimama vidole vikielekea kitandani. Za kurudi hazikuwapo.

"Mwanaesha!" aliita. "Mahamali wako wa ziara wameanza kuniingilia ndani bila viatu?"

Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hajaja mtu, Baba Lamis."

"Basi ni paka mwenye miguu ya binadamu. Pangusa."

Mwanaesha akachukua kitambaa. Alipoinama alikunja uso. Tope lilikuwa jeusi, na lilinuka pwani iliyokupwa na takataka zilizochomwa zikazimwa kwa maji ya chumvi.

Taib alikuwa mtu wa kudharau. Miaka thelathini alikuwa mpima ardhi, akiwaonyesha watu mipaka ya viwanja vyao wenyewe, na kazi hiyo ilimwachia fikira kwamba binadamu wengi hawajui hata walipokanyaga. Alimdharau imamu kwa sauti yake, majirani kwa kelele zao, na Oloo, mpangaji wake wa chini, kwa kulala mchana, ingawa alijua vyema kwamba kijana yule hufanya kazi bandarini usiku kucha. Lakini dharau yake kubwa kabisa alikuwa amewawekea watu wa ziara.

Kila Shaabani watu wapatao arubaini hutoka Kuze kwa miguu kwenda kaburi la Sharifu, mbele ya Samburu, mwendo wa siku nne. Mwanaesha hakukosa hata mwaka mmoja tangu alipoweka nadhiri, bintiye Lamis alipokuwa mchanga na homa imemkausha kama kuni. Lamis sasa alikuwa na miaka ishirini na mbili, na bado mamake alitembea. Taib hakuwahi kumuuliza njia ilikuwaje.

Mwaka huu aliyezoea kupanga vituo alikuwa amefariki, na Faraj, mwenye kusukuma mkokoteni sokoni Marikiti, akaja na daftari la marehemu kumwomba Taib awapangie. Daftari lilinuka vitunguu. Taib alilifungua kwa ncha za vidole.

"Kibarani?" alisema. "Kutoka hapa hadi Kibarani ni mwendo gani? Hata jasho halijatoka, mushakaa chini?"

"Ni kituo cha kwanza, Sheikh Taib," Faraj alijibu kwa adabu. "Hatukai sana. Tunatoa salamu, tunakunywa maji, tunaomba njia."

"Mwamwomba nani?"

Faraj akatazama mikono yake. "Wenyewe wa mahali."

"Pale palikuwa jaa la takataka, Faraj. Wenyewe wa pale walikuwa kunguru na nzi." Taib akachukua kalamu akapiga mstari juu ya Kibarani, mstari mmoja ulionyooka. Kisha akaandika orodha mpya, Miritini, Mazeras, Mariakani, Samburu, akaipiga picha na kuituma kwenye kundi lao la simu. Hiyo ilikuwa Jumapili, baada ya magharibi. Siku ya pili yake ndiyo zilipokuja nyayo.

Jumanne Mwanaesha alianza kutembea.

Alianza baada ya sala ya alfajiri. Alitoka ukuta mmoja wa ukumbi hadi wa pili, akageuka, akarudi. Taib alidhani anajizoeza kwa safari, akamcheka. Saa nne alikuwa bado anatembea. Chai yake ilipoa mezani. Lamis alimshika mkono, "Mama, keti kidogo," na mamake akautoa mkono ule taratibu, macho yameelekea mbele kama ya mtu anayetazama barabara ndefu.

"Pa kuketi hapana," alisema. "Kituo cha kwanza hakuna."

Taib akaisogeza kando ile chai iliyopoa. Kisha akasema, "Mwache. Akichoka ataacha."

Kabla ya adhuhuri Mwanaesha alisimama ghafla, akashusha pumzi. "Miritini hiyo," alisema, akaendelea.

Hapo ndipo Taib alipofanya jambo la kazi yake ya zamani. Alichukua utepe wake wa kupimia akapima ukumbi. Akahesabu mizunguko ya mkewe kwa nusu saa, saa mkononi, akapiga hesabu tangu alfajiri. Akalinganisha na ramani. Toka Kuze hadi Miritini, njia ya Makupa, hesabu haikupotea hata mita kumi. Alirudia mara mbili. Akaukunja utepe na kuurudisha kabatini.

Alasiri Oloo alipanda ngazi, macho mekundu kwa usingizi uliokatika.

"Shikamoo, mzee. Samahani kukusumbua. Wageni wako watakuwepo mpaka lini?"

"Wageni gani?"

"Hao wanaotembea juu yangu. Asubuhi alikuwa mmoja. Saa sita nikasikia wamefika watano. Sasa hivi nimejaribu kuwahesabu, nimeshindwa."

"Huyo ni mke wangu. Yuko peke yake."

Oloo alichungulia ukumbini kupitia bega la Taib. Mwanaesha alikuwa anakuja upande wao, kanga imeloa jasho, na nyuma yake, juu ya sakafu iliyokuwa tupu, madoa meusi yalikuwa yanajitokeza moja baada ya moja, mengine makubwa, mengine madogo kama ya mtoto. Oloo hakusema kwaheri. Taib alimsikia akishuka ngazi mbili mbili.

"Karibuni," Mwanaesha alikuwa anasema kwa sauti ya chini, akigeuza shingo kulia na kushoto. "Tuandamane. Nyinyi mwatoka wapi? Kibarani? Nyote? Na nyinyi mulikosa pa kukaa?" Na kila alipouliza aliacha nafasi ya jibu, akaitikia kwa kichwa, akacheka kidogo kwa huruma, akasogea pembeni kumpisha mtu apite, huku ile harufu ya jaa lililoungua ikipanda toka sakafuni, ikiingia kwenye mapazia na kwenye mito na kwenye mkate uliofunikwa mezani, na nyayo zake mwenyewe, ambazo sasa zilikuwa zimepasuka, zikiacha damu katikati ya lile tope la wengine.

"Baba," Lamis alinong'ona, "namwita Bimdogo. Yeye hujua kuzungumza na pepo."

"Muuza viazi? Humu ndani mwangu?"

"Mtazame Mama miguu!"

Taib aliitazama. Lamis akatoka mbio.

Bimdogo alikuwa mwanamke mnene mwenye kukaanga viazi karai kwenye pembe ya mtaa, na unga wa dengu ulikuwa bado umemganda viwikoni alipoingia. Hakumsalimia Taib kwanza. Alivua viatu mlangoni, akasema, "Hodi wenyewe," akiuambia ukumbi mtupu, ndipo akaingia. Alichoma ubani. Akaenda kando ya Mwanaesha, akatembea naye bega kwa bega, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hadi pumzi zao zikawa moja.

"Salaam alaikum, mgeni," alisema huku anatembea. "Nakujua u mchovu. Wewe nani?"

Mdomo wa Mwanaesha ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, nzito, ya polepole, kama mtu anayezungumza na kinywa kimejaa maji.

"Mimi mwenye kituo."

"Mtu huyu amekukosea nini?"

"Huyu hakunikosea. Huyu kila mwaka hunisalimu. Walinimwagia uchafu juu ya kichwa miaka na miaka, na bado watu hawa walipita, wakakaa na mimi, wakanipa maji. Mwaka huu nimefutwa. Nimekuja kumwona aliyeshika kalamu."

Bimdogo akamgeukia Taib. Hakuwa na hofu usoni mwake. Alimtazama kama atazamavyo kiazi kilichooza.

"Ni wewe?"

"Mimi nimepanga safari kwa akili," Taib alisema. Sauti yake ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Huna adabu hata ya mtoto wa chuo cha Kurani. Haya, si jambo kubwa. Kirudishe kituo chake, umwombe radhi. Maneno mawili tu. Mkeo atakaa."

Taib akafungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, mepesi, yako kwenye ulimi. Lakini aliona wanavyomngojea: muuza viazi, binti yake, na kile kitu kilichokuwa kinamtazama kupitia macho ya mkewe, akajiona yeye, Taib Athman, akiliomba radhi jaa la Kibarani. Kifua kikamfura.

"Kituo!" alisema, akacheka. "Wataka kituo? Chukua hii nyumba basi. Vyumba sita, maji ya mfereji, na hainuki kama kwako. Leta na wenzako wote. Huyu mwache aende zake."

Bimdogo alimrukia kumziba mdomo, unga na ubani vikampaka mashavuni, lakini alikuwa amekwisha kusema.

Mwanaesha akasimama. Kisha ile sauti nzito ikasema, kwa upole mkubwa, "Nimekubali," na mkewe akaanguka kifuani pa Lamis kama nguo iliyodondoka kambani.

Harufu iliondoka. Madoa sakafuni yakakauka yakawa vumbi. Mwanaesha akafumbua macho, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

"Mumeona?" Taib alisema, akijipangusa uso. "Dakika moja. Bila ubani."

Bimdogo alikuwa anavaa viatu. "Hukumtoa, wewe. Umemkaribisha. Mkeo akipata nguvu, fuatana na watu wa ziara mpaka Kibarani, ukae chini mbele ya watu, ulirudishe neno lako. Usipokwenda, mimi usiniite tena."

"Sikukuita hata leo," alisema Taib.

Siku kumi baadaye vidonda vilikuwa vimefunga, na safari ikatoka. Mwanaesha alimsubiri mlangoni alfajiri ile, na Lamis amebeba mkoba.

"Twende nawe, Baba Lamis. Mpaka Kibarani tu. Kisha urudi."

"Nikakae kwenye jaa na wasukuma mikokoteni?"

"Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu kwenye njia hii."

Alimwona ameegemea kizingiti, akadhani ni udhaifu. "Nenda kamalize nadhiri yako," alisema, akafunga mlango.

Saa tatu asubuhi simu ililia. Alikuwa Lamis. Alisema wamefika Kibarani na wamekaa kama zamani, kwa sababu Faraj alikirudisha kituo kwa mkono wake. "Lakini Baba, pamekuwa patupu. Sijui nikwambieje. Faraj ametoa salamu, Mama ametoa salamu, na ni kama kubisha kwenye nyumba waliyohama watu. Mama analia. Anasema utoke humo ndani. Utoke sasa hivi."

"Salimia mahamali," Taib akasema, akakata.

Alikuwa bado ameshika simu alipobishiwa hodi.

Hakuitikia. Alikaa kitini akashika magoti. Hodi ikaja mara ya pili, ya adabu, ya mtu aliyefunzwa kwao. Ya tatu ilipokuja alikaza meno, na mdomo wake ukafunguka wenyewe ukasema, "Karibuni."

Mlango haukufunguka, lakini waliingia. Aliwasikia wakivua viatu, akasikia viungo vikilia kwa uchovu na mizigo ikitua sakafuni, na ile harufu ikaingia pamoja nao ikakaa kila chumba kama mwenye nyumba, naye akainuka kukimbia, akafika mpaka ngazini, akakuta hapana pa kuweka mguu, kwa kuwa ngazi zote mpaka chini zilikuwa na pumzi za watu wanaosubiri zamu yao, na huko chini mlango wa Oloo ulikuwa wazi na chumba kitupu, kijana ameshahama, akarudi nyuma hatua kwa hatua akiomba radhi, samahani, samahani, maneno yale yale mepesi, na sasa hapakuwa na aliyeyataka. Walichotaka ni maji ya miguu. Mikono yake ikachukua beseni, ikalijaza mferejini, na Taib akapiga magoti.

Alipowamaliza wa kwanza, waliingia wengine. Wote walikuwa na safari ndefu. Aliwauliza watokako, nao wakamweleza, kila mmoja polepole, na hakuweza kukaa kabla hawajakaa wao. Jua lilizama likachomoza, likazama tena. Maji ya beseni yalikuwa meusi, akayamwaga, akajaza mengine. Jina lake alilishika kwa siku mbili au tatu, halafu kukawa na wageni wengi mno.

Siku moja, mchana, mlango ulifunguliwa kwa ufunguo. Wanawake wawili walisimama kizingitini, mmoja mtu mzima, mmoja msichana, wamejaa vumbi la bara. Taib alifurahi kuwaona; hawa angalau walikuwa na nyuso. Alisogeza beseni mbele ya yule mkubwa, akamshika kisigino kwa taadhima.

"Karibu, mamangu," alimwambia. "Pole na njia. Ilikuwaje huko?"

Yule mwanamke alijiziba uso kwa kanga akaanza kulia kwa kwikwi, na msichana akamkumbatia. Taib hakuelewa mbona msafiri alie kwa swali kama hilo. Alimwosha mguu mmoja, akamwosha wa pili, akaupangusa kwa shati lake. Kisha akamwomba kwa upole asogee ndani kidogo, maana nyuma yao, ngazini, wengine walikuwa wanangoja.