Alama ya Chaki kwenye Mlango wa Banda

"Toka kwenye kiti changu!"

"Kimeandikwa jina lako?" Henning hakusogea hata kidogo. Alikuwa amejikunja ndani ya kigari cha pembeni cha pikipiki, magoti yakigusa kidevu na buti zake mbili zikining'inia nje. "Miaka miwili nimekaa humu. Wewe umekaa lini? Jana, kujaribu."

"Mama alisema mwaka huu ni zamu yangu!"

"Zamu ya nani? Ya mtu anayelala na soksi mbili kitandani, tena kitanda chenyewe kimeegemea hita? Siku ya kwanza tu utaanza, 'Mama, baridiii, nirudishe nyumbani.'"

Merle akamvuta kaka yake kwa kola. Henning akacheka, akazidi kujikita kama gunia la viazi. Wakaendelea kuvutana hivyo mpaka Mama akaingia bandani na boksi la vyakula mikononi.

"Henning, shuka. Merle, mwachie kola, hilo shati nimelinunua mimi," alisema, akapita katikati yao bila kupunguza mwendo. "Tunaondoka saa mbili na nusu. Mwenye nguvu za kugombana abebe kuni."

Ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya likizo ya majira ya baridi, na katika mji wa Quedlinburg theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Familia nyingine zilikuwa zinapakia magari kwenda kwenye mabwawa ya maji moto. Mama yake Merle, Antje, ambaye siku nyingine zote alishona majeraha ya mbwa na paka kwenye kliniki ya wanyama, alikuwa anapakia pikipiki. Kila mwaka mwanzoni mwa Februari alikwenda Kambi ya Dubu, kwenye misitu ya Bavaria karibu na mpaka wa Chekia. Waendesha pikipiki elfu tatu walikusanyika huko bondeni, wakatandika majani makavu ya ngano juu ya theluji, wakasimika mahema, na kwa siku tatu wakaishi kwa moto, supu na hadithi za barabarani.

Merle, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amezisikia hadithi hizo tangu akiwa mdogo. Mwaka huu angekuwa ndani yake. Kwa wiki nzima hakuweza kutulia. Alikuwa amepaka helmeti yake rangi ya chungwa na kuichora makucha ya dubu. Alikuwa amekata mikate yote ya shayiri vipande, kwa sababu mkate ukishaganda huvunja kisu. Mayai alikuwa ameyavunja na kuyamimina kwenye chupa, na dawa ya meno alikwishaamua ataitunza kwenye mfuko wa ndani wa koti, pembeni ya kwapa, isije ikawa jiwe.

Upande wa ndani wa mlango wa banda, Mama alikuwa ameandika orodha ndefu kwa chaki. Mnyororo wa theluji wa gurudumu la nyuma. Plagi mbili za akiba za injini. Jiko la petroli. Hema. Kila aliyefanya kazi alichora alama yake mwenyewe mbele ya kazi hiyo, na hakuna aliyemkagua mwenzake. Sheria hiyo Mama aliikuta kwa baba yake. Katika nyumba ile alama ya chaki ilikuwa sawa na mtu kusema, "Nimefanya."

Chini kabisa palikuwa na majaribio matatu ya abiria. Kubadilisha plagi ukiwa umevaa glovu. Kuwasha jiko nje na kuyeyusha theluji mpaka ichemke. Kulala ndani ya mfuko wa kulalia, juu ya theluji, muda wa saa tatu. Asiyemaliza majaribio haendi. Mbele ya yote matatu palikuwa na alama ya Merle.

Alama ya tatu hakupenda kuitazama.

Jumamosi iliyopita Mama alikuwa kazini, Henning kwenye mechi ya mpira wa mikono. Merle alitandika mkeka wake bustanini, akaingia kwenye mfuko, akafunga zipu mpaka puani. Mwanzoni alijiona jasiri sana. Baada ya nusu saa vidole vya miguu vilianza kuuma. Baada ya dakika arobaini hakuvisikia kabisa. Maneno ya Henning yakamjia kichwani, 'Mama, baridiii.' Akatoka mfukoni, akakimbilia bandani, akawasha hita, akasoma kitabu mpaka muda ukatimia. Kisha akachukua chaki.

"Mjomba Uwe amefika!" Henning alipiga kelele kutoka getini.

Mjomba Uwe, kaka yake Mama, aliingia uani na pikipiki yake ikitoa moshi, ndevu zake zimeshaganda pembeni mwa mdomo. Alifanana na mtu aliyekula barafu kwa pupa.

"Habari za asubuhi, mafundi! Nimeongea na waliokwishafika kambini. Usiku wa kuamkia leo, nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri! Kuna mmoja ameacha meno yake ya bandia kwenye kikombe cha maji. Asubuhi ilibidi ayachemshe."

Wote wakacheka. Merle pia alicheka, kisha akaifikiria ile namba. Ishirini na moja. Siku ile bustanini zilikuwa sita tu.

Mama alikuwa ameinama juu ya kigari, anapanga. Alisukuma hema huku, jiko kule, akatikisa kichwa. "Haviingii vyote. Hapa ni kuni au ngozi ya kondoo."

"Kuni, Antje," alisema Mjomba Uwe. "Kule wanauza kuni mbichi, zinatoa moshi tu. Ngozi ya nini?"

"Ya kutandika chini ya Merle." Mama akageuza kichwa, akatazama mlango wa banda. Macho yake yakashuka kwenye orodha mpaka alama ya mwisho. "Aah, lakini mfuko umejaribiwa. Saa tatu, na hakulalamika. Sawa. Ngozi inabaki."

Akaitoa ile ngozi nene, nyeupe, akamrushia Henning.

Merle aliifuata kwa macho mpaka ilipoingia ndani ya nyumba. Akisema kweli sasa, kiti kimekwenda. Henning alikuwa na buti miguuni tayari, na angecheka mpaka Pasaka. Akinyamaza, ndani ya nusu saa wangekuwa barabarani, kilima kwa kilima, upepo usoni, na kesho jioni angekuwa anakula supu ya njegere na soseji mbele ya moto mkubwa kuliko nyumba.

Akapanda kigarini. Mama akamfunika turubai mpaka kifuani, akabana vifungo kimoja kimoja, akamgonga helmeti mara mbili. "Uko tayari, dubu?"

Pikipiki ikanguruma. Kigari chote kikatetemeka, na moyo wa Merle ukatetemeka nacho kwa furaha. Mjomba Uwe akapiga honi. Henning akafungua geti. Ndani ya buti zake, Merle alijaribu kuchezesha vidole vya miguu. Vilikuwa na joto. Akakumbuka vilivyokuwa Jumamosi, kama si vyake.

"Mama! Zima!"

Mama hakusikia. Merle akamvuta mkono wa koti kwa nguvu zote. "Mama, zima injini!"

Ua ukawa kimya.

"Umesahau nini?" Mama aliuliza.

"Sikulala saa tatu."

"Umesemaje?"

"Kwenye mfuko. Miguu iliganda. Nikaingia bandani, nikawasha hita, nikasoma kitabu." Alikuwa anaongea upesi, asije akaghairi. "Halafu nikachora alama."

Mjomba Uwe ghafla akaona kuna jambo muhimu sana la kukagua kwenye gurudumu lake la mbele. Henning alibaki ameshika geti.

"Ulikaa dakika ngapi?"

"Arobaini."

Mama akavua helmeti, akaiweka juu ya tangi. Uso wake ulikuwa umekaza. "Shuka."

Merle alifungua vifungo vya turubai, machozi yakimchoma. Kwa hiyo imekwisha.

"Mimi nimeshavaa buti, Mama," alisema Henning. "Naenda kuchukua—"

"Wewe funga geti na mdomo. Ungelala kwenye nini? Mfuko ni huohuo mmoja, ungeganda wewe badala yake. Merle, njoo hapa."

Mama aliutoa ule mfuko wa kulalia kwenye sanduku, akauingiza mkono mpaka sehemu ya miguu. Akapapasa. Kisha akamshika Merle mkono na kuuingiza palepale. "Shika hapa. Unasikia nini?"

Juu, kwenye mabega, mfuko ulikuwa mwepesi na umetuna. Chini, manyoya ya bata yalikuwa yameshikana madonge magumu madogo, na kati ya donge na donge hapakuwa na kitu ila kitambaa kitupu.

"Una madonge," Merle alinong'ona.

"Uliutumia lini mara ya mwisho?"

"Oktoba. Kule ziwani, na darasa letu."

"Na mvua ilinyesha. Nikakwambia uuanike."

Merle aliinamisha kichwa. Alikuwa ameusokota ukiwa na unyevu, akausukumia chini ya viatu, basi.

"Kwa hiyo Jumamosi huu mfuko ulikuambia kabisa, 'Mimi ni mbovu,'" Mama alisema. "Wewe ukaja hapa ukaniandikia kwamba ni mzima. Na mimi nikatoa ngozi ya kondoo."

"Nilidhani utasema mimi ni mwoga."

"Mwoga?" Mama alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Nani alisema tunapima uoga? Henning! Mwaka wako wa kwanza ulikaa dakika ngapi?"

Henning alikuna shingo. Masikio yake yalikuwa mekundu, na si kwa baridi peke yake. "Ishirini."

"Ishirini! Akaja jikoni analia—"

"Sikulia, Mama!"

"—akaniambia zipu inapitisha upepo. Nikaishona zipu, akarudia, akaenda. Majaribio yale hayampimi mtu, Merle. Yanapima vitu. Wewe ndiye kipimo. Kipimo kikisema uongo, mimi nitajuaje?"

Akatazama saa yake. "Sasa ni saa mbili na dakika arobaini. Kukausha, saa mbili. Majaribio, saa tatu. Tunaondoka saa nane mchana, na mjini Gera, kwa Mama Mkubwa Gesine tutakakolala, tutafika kabla ya giza. Chakula chake cha mchana kitakuwa cha jioni. Uwe, una haraka?"

"Mimi? Kahawa ipo?"

"Ipo. Merle, kalete mipira yako mitatu ya tenisi."

Mfuko uliingia kwenye mashine ya kukaushia nguo pamoja na mipira ya kuyapiga madonge, kwa moto mdogo, na nyumba nzima ikaanza kudunda, du-du-du, kama kuna watu wanacheza ngoma chumba cha kufulia. Kila baada ya nusu saa Merle aliutoa, akapapasa, akapasua kwa vidole donge moja baada ya jingine, akaurudisha. Ilikuwa kazi ya kuumiza vidole gumba. Mfuko ulipotoka mara ya mwisho ulikuwa umevimba hata haukutaka kupita mlangoni.

Kisha bustanini. Nyuzi nane chini ya sifuri. Merle alilala chali, akitazama moshi wa mabomba ya nyumba za jirani ukipanda moja kwa moja. Saa ya kwanza ikapita, miguu ina joto. Saa ya pili, Henning akaja na kikombe cha chai, akachutama pembeni yake.

"Mimi nisingesema," alisema, akiangalia pembeni. "Injini ikiwa imeshawaka? Nisingesema."

"Ungesema."

"Labda. Kunywa kabla haijaganda. Na kule, hema lisimikeni mbali na vyoo. Mjomba Uwe hupenda karibu, anadai ni jirani mzuri."

Merle alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye theluji.

Saa ya tatu ilipotimia, Mama alitoka na koti lake la safari, kitunguu cha mwisho cha supu ya kambini kikiwa mkononi. "Haya. Sema."

Merle alifikiri. Mwili wote ulikuwa na joto. Angeweza kusema 'safi kabisa' na isingekuwa mbali na kweli. Lakini kule kulikuwa na nyuzi ishirini na moja.

"Miguu ina joto," alisema. "Mgongo, hapa chini kiunoni, umeanza kupoa. Kidogo tu. Robo saa ya mwisho."

"Baridi inapanda kutoka chini," alisema Mama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu. "Umeona? Neno moja la kweli, na mimi nina la kufanya. Uongo wako wa Jumamosi ulinifunga mikono, na mimi sikujua kuwa nimefungwa. Ukiogopa, niambie unaogopa. Ukisikia baridi, niambie ni wapi. Hayo yana dawa. Nisichoambiwa hakina." Akageuka. "Uwe! Shusha kuni!"

"Zote?"

"Zote! Tutakohoa moshi na wengine. Henning, lete ngozi ya kondoo!"

Kuni zikashuka, ngozi ikapanda. Merle akaenda bandani, akafuta kwa kiganja alama yake ya tatu, akachora nyingine mahali palepale, akaikandamiza mpaka chaki ikakatika. Alipotoka mbio, injini zote mbili zilikuwa tayari zinanguruma.

Akaruka kigarini, akabana vifungo vya turubai mwenyewe. Mama akamgonga helmeti mara mbili, Henning akafungua geti mpaka mwisho, na saa nane kamili wakaingia barabarani.